Uzi maalumu: Kilango cha paka, kuanzia kupima hadi paka azoee kupita

Pimamaji

Wakuu, maswali ya kilango cha paka, yaani kile kijimlango cha paka kuingia na kutoka mwenyewe, yanarudi kila mara na majibu yametawanyika huku na huko. Tuyakusanye hapa. Mimi naanza na kupima na kuchagua. Walio mafundi wa mbao, vioo na kuta, na wanaojua mambo ya chipu (kile kidude cha utambulisho anachowekewa paka chini ya ngozi), waendelee.

Neno la kwanza: usinunue kilango kabla hujajua utakifunga wapi. Kinachoamua aina ya kilango ni mlango au ukuta wako, paka anafuata. Kuna mlango wa bati ambao kilango cha chipu kitasumbua kusoma, kuna kioo kisichokatika kabisa, na kuna mlango wa kuzuia moto ambao hautakiwi kuguswa. Huo ukishautoboa hauzuii moto tena, hata ukiziba vizuri kiasi gani. Na kama nyumba ni ya kupanga, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla ya kushika drili.

Simama pale unapopataka utazame: sakafu ya ndani na ardhi ya nje zimepishana kiasi gani, mvua hupiga upande upi, kitasa kiko umbali gani. Hili la kitasa husahaulika sana. Mkono wa mwizi ukiingizwa kilangoni hadi begani unafika kama sentimita 70. Kilango kikae mbali na komeo kuliko hapo, na ufunguo usiachwe ukining'inia kwenye kitasa kwa ndani.

Halafu mpime paka akiwa amesimama. Vipimo ni vitatu: upana wa mabega (kama tumbo limezidi mabega, pima tumbo), kimo kutoka sakafuni hadi chini ya tumbo, na kimo hadi mgongoni. Vilango vingi vina uwazi wa sentimita 14 hadi 15 hivi kwa upana, na 12 hadi 16 kwa kimo. Paka wa kilo nne au tano anapita humo bila shida. Paka wa jamii kubwa kama Maine Coon, ambaye anaweza kuzidi kilo 8, mtafutie kilango cha paka wakubwa au cha mbwa wadogo, upana kuanzia sentimita 17. Angalieni: namba kubwa iliyoandikwa juu ya boksi mara nyingi ni kipimo cha fremu kwa nje, siyo cha uwazi. Wengi wameingia hasara hapo.

Ukiwa na shaka, chukua boksi gumu, kata uwazi wa ukubwa uleule, lisimamishe kwenye mlango wa chumba na uweke chakula upande wa pili. Tazama mabega na nyonga. Manyoya yakigusa kidogo tu, sawa. Akisita katikati na kujivuta kwa miguu ya mbele, ongeza ukubwa.

Kimo cha kufunga: ukingo wa chini wa uwazi uwe usawa wa chini ya tumbo au pungufu kidogo. Kwa paka wengi ni sentimita 10 hadi 15 kutoka pale anapokanyaga. Ukiweka juu zaidi, paka kijana ataruka, lakini akizeeka na viungo vikaanza kuuma ataacha kupita, nawe utadhani kilango kimeharibika. Kama nje ni chini kuliko ndani, pima kutoka sakafu ya ndani, kisha nje weka kidaraja kipana cha angalau sentimita 30 ili atue juu yake akitoka.

Sasa aina. Cha kawaida kina kibao cha plastiki kinachobembea pande zote mbili, na kizuri ni kile chenye kitufe cha hatua nne: kuingia tu, kutoka tu, pande zote, au kufungwa kabisa. Kama hakuna paka wageni mtaani, hicho kinatosha, na mara nyingi ndicho kinachodumu kwa sababu hakina cha kuharibika. Cha sumaku hufunguka kwa sumaku iliyo kwenye mkanda wa shingoni. Udhaifu wake ni kwamba paka yeyote mwenye sumaku anaingia, na sumaku hiyo huokota misumari na pini huko anakopita. Cha chipu husoma ile chipu ya chini ya ngozi, basi paka hahitaji kuvaa chochote. Ushauri wangu ni wazi: kama tatizo lako ni paka wa jirani anayeingia kula na kukojolea kuta, usihangaike na sumaku, nenda moja kwa moja kwenye chipu.

Kitanzi

Asante mkuu kwa kuanzisha. Mlango wangu wa nyuma ni flashi, ukiugonga unasikika mtupu ndani. Unaweza kubeba kilango? Na nikikata, makali yake yatabaki wazi hivyohivyo?

MsumenoMkali

Unabeba, ila una kazi moja zaidi ambayo wengi huiruka. Mlango wa flashi ni plaiwudi mbili nyembamba, kila moja milimita 3 au 4, na katikati kuna makaratasi ya mfano wa sega la nyuki au vijiti vya hapa na pale. Ukikata tundu na kufunga fremu moja kwa moja, skrubu zinazibana zile plaiwudi mbili zikaribiane. Fremu inapinda kwenda ndani, kibao kinaanza kukwaruza pembeni, na paka akisukuma kinakwama nusu njia. Watu hulaumu kilango, kumbe ni mlango umebonyea.

Dawa yake: ukishakata tundu, ondoa makaratasi kuzunguka ukingo kwa kina cha sentimita 3 hivi. Pima nafasi kati ya plaiwudi mbili. Mara nyingi ni milimita 28 hadi 32, lakini pima ya kwako. Kata vipande vinne vya mbao vya unene huohuo kamili, vipake gundi ya mbao, vichomeke pande zote nne hadi viwe usawa na ukingo, kisha vibane kwa klampu usiku mzima. Kesho yake tundu lako lina fremu ngumu ndani yake, na bolti zinapita kwenye mbao.

Mlango wa paneli una masharti yake. Kata ndani ya paneli tu. Usikate mbao ya pembeni wala ile ya chini mahali zinapoungana, kwa maana humo ndani kuna ulimi unaoshika mlango mzima. Ukiukata mlango utalegea na kuanza kuburuza sakafuni. Kwa kuwa mbao ya chini huwa na kimo cha sentimita 20 au zaidi, paneli inaanzia juu kidogo kuliko tumbo la paka. Sawa, kata kwenye paneli na uweke kidaraja ndani pia. Ni heri kidaraja kuliko mlango uliolegea. Kama paneli ina mabonde na matuta, fremu haitalala sawasawa. Tengeneza kipande cha kujazia upande ulio chini.

Sasa ukataji. Vifaa: tepu, pimamaji, penseli, kisu kikali, drili yenye biti ya milimita 3 na ya milimita 10, jigso (msumeno mdogo wa umeme wa bledi nyembamba), tupa ya mbao, msasa, bisibisi ya mkono, na msumeno wa chuma wa kukatia bolti. Vaa miwani.

1. Bandika kiolezo kilichokuja na kilango upande wa ndani wa mlango. Kisawazishe kwa pimamaji, siyo kwa ukingo wa chini wa mlango, maana milango mingi imechongwa chini ikafuata sakafu isiyo sawa. Kibao kikining'inia kwenye fremu iliyoinama, hakirudi katikati.

2. Fungua na ufunge mlango mara mbili tatu kiolezo kikiwepo. Je, fremu ya nje itagonga ukuta au geti? Kilango cha chipu kina kichwa kinene chenye betri kwa ndani, nacho kinaweza kugonga kabati mlango ukifunguliwa.

3. Toboa kona nne kwa biti ya milimita 3, wima kabisa, hadi itokee nje. Nenda nje uunganishe matundu manne kwa penseli. Sasa una mstari uleule pande zote mbili. Zikikataa kulingana, biti iliinama. Rekebisha sasa, kabla hujakata.

4. Pitisha kisu kikali juu ya mstari, pande zote mbili, hadi ukate ngozi ya juu ya mbao. Bandika selotepu ya karatasi juu yake. Meno ya bledi ya kawaida ya jigso hukata yakipanda, kwa hiyo mbao hubanduka upande ule jigso ilipokaa. Mkato wa kisu ndio unaozuia hilo.

5. Toboa kona kwa biti ya milimita 10, tundu likae ndani ya mstari. Ingiza bledi ndefu kuliko unene wa mlango kwa sentimita 3 au zaidi. Bledi fupi ikirudi juu inagonga mbao na kuvunjika.

6. Kata pande tatu, kisha kabla ya upande wa mwisho bandika kile kipande kwa tepu pana au mpe mtu akishike. Kikidondoka chenyewe kinang'oa plaiwudi kona ya mwisho.

7. Jaribisha fremu. Iingie kwa kulegea milimita 1 au 2 kila upande. Ikihitaji kugongwa ili iingie, piga tupa. Fremu iliyolazimishwa ni fremu iliyopinda.

Na swali lako la makali: yasiachwe wazi kamwe. Mbao iliyokatwa hunywa maji kupitia ukingo kuliko kwingine kokote. Piga msasa, paka rangi ya msingi, kisha rangi ya mafuta mara mbili, ikauke ndipo ufunge. Plaiwudi isiyopakwa itaanza kuvimba na kuachana tabaka mvua zikianza.

Kufunga bolti ni kwa bisibisi ya mkono, si drili. Kaza kidogo moja, nenda ya kona mkabala, halafu nyingine. Kila baada ya mzunguko sukuma kibao kwa kidole. Fremu ikishagusa mlango pande zote, simama. Kama bolti ni ndefu na inafika mwisho kabla fremu haijabana, ikate kwa msumeno wa chuma. Ukipitisha nati juu yake kabla ya kukata, nati hiyo ukiitoa itasafisha uzi wa bolti ulioharibika.

Kitanzi

Hii ya vipande vinne vya mbao sikuwahi kuisoma popote. Nimeelewa. Silikoni je, inawekwa kote kuzunguka?

MsumenoMkali

Kwa nje, weka juu na pembeni. Chini acha wazi. Maji yakipenya yatafute njia ya kutokea. Ukiziba chini yanabaki ndani ya tundu na kuozesha mbao taratibu bila wewe kuona.

Zumaridi

Naongezea milango ya plastiki nyeupe. Paneli yake ni karatasi mbili za plastiki na povu katikati, mara nyingi unene wa milimita 20 hadi 28, laini kukata. Tatizo ni joto. Jigso ikienda kasi, unga wa plastiki unayeyuka na kujigandisha nyuma ya bledi, mkato unajifunga tena. Tumia mwendo wa chini na bledi ya meno madogo, pumzika kila sentimita chache. Kata ndani ya paneli tu, usiguse fremu ya mlango, kwa kuwa ndani ya fremu nyingi kuna chuma cha kuimarisha. Kwenye paneli laini bolti zisikazwe hata robo ya mzunguko kupita kiasi. Povu linabonyea na haliinuki tena.

Milango ya bati na chuma: kata kwa grainda yenye diski nyembamba au jigso ya bledi ya chuma, piga tupa hadi makali yasikwaruze mkono, kisha paka rangi ya kuzuia kutu papo hapo. Ukiacha hadi kesho, kutu imeshaanza chini ya fremu usipoweza kupaona.

KiooSafi

Upande wa vioo nitasema bila kuzunguka: kioo cha tempa hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kutoka kiwandani. Kikichomwa kwenye tanuri na kupozwa ghafla, ngozi yake ya nje inabaki imebanwa na moyo wake unavuta. Ukijaribu kukikata kwa almasi ya kukatia, kioo chote kinapasuka vipande vidogovidogo kwa mpigo mmoja. Tundu la kilango lazima likatwe kwanza, ndipo kioo kikachomwe. Maana yake unaagiza kioo kipya chenye tundu tayari.

Kukitambua: tafuta muhuri mdogo usiofutika kwenye kona. Usipouona, vaa miwani ya jua ya polaroidi ukitazame kwa pembeni wakati wa mchana. Ukiona madoa au mistari ya kivuli inayojirudia kwa mpangilio, hicho ni cha tempa. Vioo vya milangoni vilivyo karibu na sakafu mara nyingi ndivyo, kwa usalama wa watoto.

Kioo cha tabaka mbili nacho hakitobolewi. Kati ya vioo viwili kuna hewa au gesi iliyofungiwa. Ukitoboa, unyevu unaingia na katikati panabaki ukungu daima. Agiza kipya chenye tundu lililozibwa pembeni kiwandani.

Kioo cha kawaida cha milimita 4 hadi 6 ndicho pekee kinachoweza kukatwa pale kilipo. Tundu huwa la duara, kwa sababu kona kali ya mraba ndiyo ufa unapoanzia. Kazi hii mpe fundi vioo mwenye kikatio cha duara, na mpelekee karatasi ya vipimo iliyokuja na kilango, kwani kipenyo hutofautiana kati ya kilango na kilango na milimita chache tu zinaharibu kazi.

Wasiotaka gharama ya kioo kipya: toa kioo cha chini weka polikaboneti (plastiki ngumu inayopitisha mwanga kama kioo) ya milimita 5 au 6, au plaiwudi ya nje iliyopakwa rangi. Polikaboneti inakatika kwa jigso bila kupasuka. Akriliki inafanana nayo kwa macho lakini inapasuka ukitoboa karibu na ukingo. Zote mbili hutanuka kwa jua, basi tundu liwe na nafasi ya milimita 2 au 3 na bolti zisibane sana. Kioo cha zamani kitunze. Ukihama unakirudisha mahali pake.

Jahazi

Na dirisha lenye wavu wa mbu je? Paka wangu anapitia dirishani.

Zumaridi

Wavu peke yake haubebi kilango, utachanika kwenye kona ndani ya muda mfupi. Weka kwanza kipande cha mbao au alumini kinachovuka fremu ya wavu juu ya pale kilango kitakapokaa, kingine cha wima pembeni, ndipo ukifunge katikati ya hivyo. Chagua chenye kibao chepesi na sumaku chini, la sivyo upepo utakiacha wazi na mbu wote wataingia.

Kisima

Milango yangu yote haifai. Nimebakiwa na ukuta wa tofali. Fundi anasema atatoboa kwa nyundo na patasi siku moja. Nimwamini?

Timazi

Patasi na nyundo peke yake zitapasua lipu ya upande wa pili eneo kubwa kuliko kilango chenyewe. Mwambie afanye hivi.

Kwanza chagua mahali. Pasiwe karibu na nguzo ya zege, pasiwe chini ya mwisho wa linta (boriti iliyo juu) ya dirisha, ambapo uzito wote wa juu unashukia. Tundu la upana wa sentimita 20 katikati ya ukuta mzima uliojengwa kwa mfungo mzuri halisumbui, kwa kuwa tofali za juu zinashikana zenyewe. Nyaya kwa kawaida hushuka au kupanda wima kutoka kwenye soketi na swichi, au kwenda mlalo kati yake. Epuka mistari hiyo, tumia kifaa cha kutambua nyaya, na uzime umeme kwenye swichi kuu kabla ya kuanza. Mabomba vilevile: tazama bomba la jikoni linaelekea wapi.

Chini ya tundu kwa nje pawe na angalau sentimita 15 kutoka ardhini, ili matone ya mvua yanayoruka yasiingie.

Toboa tundu moja la katikati kwa biti ndefu ya milimita 10 au 12 kutoka ndani hadi nje, likiinama kidogo kuelekea nje. Hilo ndilo kiungo chako cha pande mbili. Chora tundu zima kuzunguka alama hiyo, ndani na nje. Kata lipu kwa grainda kufuata mstari, kina cha sentimita 2, pande zote mbili. Ndani ya mstari toboa matundu yanayokaribiana kama shanga, kisha ndipo patasi. Ufike nusu kutoka ndani, nusu kutoka nje, mkutane katikati. Kwa njia hiyo lipu inabaki nzima.

Sakafu ya tundu iteremke milimita 5 hadi 10 kuelekea nje. Hiki ni kipimo kidogo lakini ndicho kinachotofautisha chumba kikavu na chumba chenye ukuta unaotoka chumvi. Ndani ya tundu weka boksi la plastiki ngumu au la mbao iliyopakwa rangi ya mafuta, literemke nalo, kisha ziba pembeni kwa saruji na kwa nje silikoni. Kama kilango ni cha chipu, usiweke boksi la bati.

Wengine hufunga vilango viwili, ndani na nje, kuzuia upepo. Kwa ukuta mwembamba ni kosa. Paka anasukuma cha pili huku cha kwanza kikiwa bado kimemlalia mgongoni, halafu kinamshika mkia. Akiumia mara moja hatapita tena. Viwili vifungwe pale tu ambapo ukuta ni mnene kuliko urefu wa mwili wake.

Kuhusu fundi: mwonyeshe maelezo haya. Akikubali kuanza na tundu la katikati, anajua kazi.

Mbarika

Naomba msaada wa kilango cha chipu. Kimefungwa vizuri, paka wa kwanza kinamsoma, wa pili kinamkataa. Betri mpya.

Antena

Betri zenyewe ni za aina gani? Nyingi za kuchaji ni volti 1.2 kila moja, za alikali ni 1.5. Kilango cha betri nne kinatarajia volti 6, wewe unakipa 4.8, na kinajiona kina betri iliyokwisha. Weka alikali, zote nne mpya na za aina moja, usichanganye.

Hilo likiwa sawa, tatizo liko kwa paka wa pili. Fuata mpangilio huu.

Mpeleke kwa daktari wa mifugo asomwe kwa kisomeo cha mkononi. Chipu za kiwango cha kimataifa, ISO 11784 na 11785, zina namba ya tarakimu 15 na husomeka kwa masafa ya kilohezi 134.2. Chipu za zamani zina tarakimu 9 au 10 na masafa mengine. Vilango vingine vinazisoma, vingine havisomi kabisa. Mwongozo wa kilango utakuambia.

Mwombe daktari akuonyeshe chipu iko wapi hasa. Huchomwa katikati ya mabega, lakini kwa baadhi ya paka husogea hadi begani au ubavuni. Antena ya kilango imezunguka uwazi, inasoma kwa sentimita chache tu. Paka akiingiza kichwa na chipu ikawa imebaki nyuma, kufuli halifunguki. Kidaraja kinachompandisha kidogo kwa nje humfanya aingize mabega mapema, na mara nyingi kinamaliza tatizo.

Halafu je, umemwandikisha kweli? Unabonyeza kitufe cha kujifunza, kisha paka huyo apite wa kwanza. Mara nyingi yule mwenye ujasiri hupita tena mbele ya mwenzake na kilango kinamsoma yuleyule mara mbili. Mfungie huyo chumbani wakati wa kumwandikisha wa pili.

Kingine ni chuma. Mlango wa bati, fremu ya alumini iliyo karibu mno, au karatasi ya foili ndani ya paneli hudhoofisha antena. Dalili yake ni kwamba kilango humsoma paka mmoja mwenye chipu nzuri na kumkosa mwenzake, kama unavyoeleza. Suluhisho ni kukata tundu kubwa zaidi na kuweka bao la plastiki au mbao kati ya chuma na kilango. Na kama karibu yake kuna chaja ya simu au taa ya ledi, chomoa ujaribu tena.

Mwisho, pangusa kihisi kilicho ndani ya uwazi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Manyoya na vumbi vikijaa, kilango hakijui kwamba kuna paka amesimama.

Mbarika

Mlango una bati kwa nje, mbao kwa ndani. Naona ndipo penyewe. Asante sana mkuu.

Nyota_ya_Ua

Wakuu mmemaliza kufunga, lakini paka bado yuko ndani analia mlangoni. Kumfundisha nako ni kazi ya ufundi, naomba kuongezea.

Usimsukume kwa mikono kupita, hata mara moja. Atakachojifunza ni kwamba kilango ni mahali pa kushikwa kwa nguvu. Siku tatu hadi tano za mwanzo inua kibao kabisa, kishike juu kwa kibanio cha nguo au kamba iliyofungwa imara. Kibao kikimdondokea shingoni utarudi mwanzo. Weka chakula upande wa pili, mpe anapopita kwa hiari.

Akishapita bila kusita, shusha kibao hadi kibaki wazi nusu, ajifunze kukigusa kwa kichwa. Baada ya siku chache kishushe hadi libaki pengo la vidole viwili. Wiki moja hadi mbili zinatosha kwa paka wengi. Kama sumaku ya chini inamshinda, ifunike kwa tepu nene au iondoe kwa muda. Vilango vingi vinaruhusu.

Kilango cha chipu kina sauti ya kufuli, *tak*, na wengine hutoroka papo hapo. Mzoeze sauti hiyo kabla ya kazi: kikiwa bado mezani, fanya kilie wakati anakula, kwanza kwa mbali, kisha karibu.

Mtoto wa paka asiachiwe kutoka hadi awe amepata chanjo, amehasiwa au kufungwa kizazi, na chipu imewekwa. Mkihamia nyumba mpya, kilango kifungwe wiki mbili hadi nne, ajue nyumba ndiyo yake. Kwa nje, weka chungu chenye mmea au kibao cha kujificha karibu na kilango, maana paka akitoka moja kwa moja kwenye uwanja mtupu anajiona yuko hatarini, hasa pale ambapo kuna paka mbabe wa mtaa.

Kitanzi

Nimefunga, vipande vinne ndani kama ulivyosema. Kibao kinabembea vizuri mchana, lakini jioni tunapopika kinabaki kimevutwa ndani, wazi kama kidole kimoja. Fremu iko sawa kwa pimamaji. Bolti nimezilegeza, bado.

Pimamaji

Jikoni kuna feni ya kutoa moshi?

Kitanzi

Ipo.

Pimamaji

Ndiyo hiyo. Feni inatoa hewa nje, na kwa kuwa madirisha yamefungwa, hewa mpya inatafuta pa kuingilia, njia rahisi ni kibao. Fungua dirisha la jikoni kwa upana wa vidole vitatu feni ikiwaka, kibao kitarudi chenyewe. Kisipofunga sawasawa hata hivyo, kagua sumaku ya chini: iliyo kwenye kibao na iliyo kwenye fremu ziwe zinatazamana katikati, na pengo kati yao lisizidi milimita chache.